Chembe ya Chuma

Tobias alipoingia katika ofisi ya Daktari Wainaina mjini Ruiru, hakumwamkua. Kwa mtu ambaye huwasalimu hata walinzi wa lango kwa majina yao, hilo lilikuwa tusi, naye alilikusudia.

"Sekunde tisa," alisema, akiibwaga mezani karatasi ya kumbukumbu za kompyuta. "Mama Selpha aligusa uvimbe titini kwa kidole chake mwenyewe. Nikampiga picha ya eksirei kule Thika, nikakuletea uisome. Umeisoma kwa sekunde tisa, ukamwandikia kwamba yu salama. Nimerudi kutoka likizo leo, nikaikuta barua yako kwenye faili."

"Ai, mzee. Keti kwanza."

"Sikuja kuketi."

Kanuni ya kazi yao ilikuwa wazi: daktari aikague picha kwa macho yake, aandike alichokiona, ndipo aifungue kompyuta imchoree duara mahali ilipopatilia shaka. Kompyuta ilikuwa msomaji wa pili. Tobias, aliyelelewa na kengele ya shule ya bweni, hakuona tofauti kati ya daktari aliyeitanguliza kompyuta na mwanafunzi aliyeingia mtihanini na majibu ndani ya soksi.

"Uliona kompyuta haikuchora duara, ukatia sahihi."

"Nasoma picha mia moja kwa siku!" Wainaina alifoka. "Wewe ukishawabana akina mama kwenye mashine yako, unaenda nyumbani. Na kungekuwa na kitu, ingechora."

"Ifungue basi. Tumia macho uliyopewa na Mungu."

Wainaina aliifungua kwa hasira. Kwenye titi la kushoto kiling'aa kitone cheupe: chembe ya chuma, ndogo kama punje ya mtama, ambayo Tobias huibandika kwenye ngozi pale hasa mgonjwa anapoonyesha, ili daktari asipapite. Chini yake palikuwa na kiwingu chenye miiba pembeni. Wainaina alikitazama kwa muda mrefu kuliko sekunde tisa. Kisha akacheka kicheko kikavu.

"Chuma hiki ni cha nani?"

"Changu. Ndiyo desturi. Miaka ishirini nimefanya hivyo."

"Desturi! Na waraka wa Machi?"

Akaugeuza uso wa kompyuta ili mwenzake aone. Waraka ulieleza kwamba kompyuta mpya hukifuta kila chuma pamoja na sehemu inayokizunguka, isije ikakidhania ugonjwa. Kwa hiyo mpiga picha asibandike chembe juu ya uvimbe, bali apachore mahali hapo kwenye fomu. Chini kabisa palikuwa na orodha ya waliokiri kuusoma. Jina la kwanza lilikuwa la Tobias, na sahihi yake iliyonyooka kama mstari wa rula.

Aliikumbuka siku ile. Alijiambia kwamba hakuna mtoto wa Ruiru wa kumfundisha kazi, akatia sahihi, akaendelea na chai.

"Wewe uliusoma kwa sekunde ngapi, mzee?"

Tobias aliketi.

"Sasa tuelewane," Wainaina alisema, sauti ikishuka. "Mama aitwe, aambiwe picha haikutoka vizuri. Irudiwe. Nyamaza, nami ninyamaze. Unastaafu Desemba, ya nini kujichafua?"

"Nipe kalamu. Tunaandika ripoti ya makosa."

"Utaniharibia kazi!"

"Na yangu. Kosa langu litatangulia. Lako utaliandika mwenyewe, au nitakuandikia."

Kesho yake Selpha aliitwa kutoka kwake mtaa wa Landless, Thika. Tobias alimweleza yote akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Wiki tatu," Selpha alisema. "Barua yenu ilipokuja nilichinja kuku, mzee. Wawili. Nikawaita majirani tukaimba. Ninyi mlikuwa mnakunywa chai?"

"Ndiyo, mama. Samahani."

"Samahani yako kaa nayo. Piga picha."

Aliipiga bila chembe. Wainaina hakuruhusiwa kuigusa. Aliisoma daktari mwenzake, Warigia, akaandika alichokiona, kisha akaifungua kompyuta. Duara likajichora mahali pale pale alipokwisha kupataja. Kipande cha nyama ya uvimbe kilipopimwa, saratani ilithibitishwa, bado changa. Alipangiwa kupasuliwa Jumatatu.

Siku alipokuja kuchukua majibu, Selpha hakulia. Alinyoosha mkono.

"Hiyo karatasi mliyojiandikia. Nataka kuiona."

Tobias alimpa nakala. Selpha aliisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mistari, huku foleni ya wagonjwa ikinung'unika nyuma yake. Alipofika mwisho alirudi juu, akaanza upya. Tobias hakuthubutu kuketi.

Hatimaye aliirudisha.

"Hujaandika kuku."

Tobias alifungua kalamu, akainama, akaandika: *kuku wawili*.