Mbuzi Aliyechelewa Kupewa Aidini

Pale kituo cha utafiti walimwita Bi Pumba, kwa kuwa ndiye aliyewachanganyia mbuzi pumba zao. Mwezi huo mbuzi walikuwa sita. Watatu walilishwa kwanza pumba zenye aidini ya kawaida, ile itiwayo kwenye chumvi, ndipo wote sita wakanyweshwa aidini ya mionzi, kidogo tu. Daktari aliyeongoza utafiti alitaka kuona kama tezi ya shingo, ikishashiba ile njema, itaikataa ile ya mionzi.

Tatizo lilikuwa Shangazi, mbuzi mzee aliyepewa jina hilo kwa kumgombeza kila apitaye. Aliangukia upande wa wasiopewa. Bi Pumba alimtazama, moyo ukamkatalia. Asubuhi baada ya mbuzi kunyweshwa mionzi, Daktari akiwa ofisini, akamtilia kijiko kizima cha aidini ya kawaida.

Tangu hapo hakutulia. Akishika fagio analiacha, akikaa anasimama. Siku ya vipimo alimshika Shangazi pembe. Daktari akaweka mashine shingoni. Wale watatu wa aidini walikuwa na mionzi kidogo mno. Kwa wengine ilijaa, na Shangazi hakupishana nao.

"Safi kabisa," alisema Daktari.

Bi Pumba angepaswa kushusha pumzi. Hakuweza. Akaenda bombani, akarudi, akaenda tena. Mwishowe akasimama mlangoni mwa ofisi.

"Daktari, Shangazi nilimpa."

"Ulimpa nini?"

"Aidini. Nilimwonea huruma."

Daktari akavua miwani. "Lini?"

"Kesho yake asubuhi. Lakini naona haikumfaa kitu."

"Isingemfaa. Ulimkaribisha mgeni, kiti kimeshakaliwa." Akaweka miwani mezani. "Na ungekaa kimya, Bi Pumba, ningemhesabu na wasiopewa. Ningeandika uongo bila kujua."

Akavuta karatasi, akamfuta Shangazi alipokuwa, akamwandika peke yake chini: amepewa kwa kuchelewa. Kisha, bila kupandisha sauti, akamhamishia Bi Pumba stoo ya majani kwa mwezi mzima.

Kutoka stoo alimsikia Shangazi akimgombeza mhudumu mpya. Kila Daktari alipopita na mashine, Bi Pumba alimwuliza inasomaje kwa Shangazi. Wiki hadi wiki ilishuka yenyewe, maana mionzi ile haikai sana.

"Haijaisha?"

"Bado kidogo, mama."

Akarudi kwenye majani yake, akayapanga, akayapangua.