Mbuzi wa Mjane

Kila siku baada ya alasiri nilikuwa nikimtilia bibi yangu, Bibi Bakhita, kahawa barazani, nyumbani kwetu Madinat Sultan Qaboos, naye hulalamika kwamba ni chungu, kisha hunywa. Siku ile, mwaka 1998, dele la kahawa lilikuwa bado mkononi mwangu fidla ilipolia getini. Kahawa ikamwagika mkekani.

"Ni Ayman tu," alisema Bibi. "Mbona umeruka, Muhsina? Umeona jini?"

Ayman, mtoto wa jirani yetu, alikuwa likizoni kutoka chuo cha Virginia, na kesho yake alfajiri angerudi huko kwa miaka miwili. Likizo nzima alizungumza nasi juu ya kila kitu, ila lile nililolingoja.

Alikaa, nikamtilia.

"Bibi, huu ni muziki wa wakulima wa Virginia, unaitwa 'Mbuzi wa Mjane'. Wengine wanasema ulitoka Skotilandi." Akaupiga mbiombio.

"Mjane ndiye mimi," alisema Bibi. "Mbuzi nani?"

Akaupiga tena polepole, nyuzi mbili zikilia pamoja. "Jimbo la jirani, Kentaki, wanauita 'Mjane Kafunga Mlango'. Wanaapa umezaliwa kwao. Na watu wa jimbo la Mizuri wamegeuza mwisho wake tu, ukawa 'Harusi ya Mjane'."

"Upi wa asili?" niliuliza, nikilitazama dele.

"Hakuna ajuaye. Kila mtu hupiga alivyosikia. Na hauishi, ukifika mwisho unaanza upya."

"Kama weye na kahawa yetu," alisema Bibi.

Kweli. Kila baada ya kupiga alininyooshea kikombe, nami nikajaza. Kwetu mgeni aliyetosheka hukitikisa kikombe, naye hakukitikisa hata mara moja.

"Amerika imekusahaulisha kutikisa?" Bibi aliendelea. "Mtoto kachoka mkono kukutilia! Mjane wa Mizuri keshaolewa, weye ungali unakunywa!"

Ayman aliiweka fidla chini. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Sijasahau, Bibi. Nikitikisa, itanibidi nende zangu."

"Na hutaki kwenda?"

"Nnataka kumwoa Muhsina. Kama ataningoja."

Niliinua dele nimtilie tena. Halikutoa hata tone.

Bibi akacheka. "Haya, Muhsina, kahawa imekwisha. Huna tena pa kujificha."

"Nitakungoja," nilimwambia Ayman.