Kidonge Mbele ya Viti

Ilikuwa saa nane mchana. Usingizi ulimpitia Dakta Sikudhani Mapunda kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati, akisubiri kuitwa aombe fedha za utafiti. Alitaka kujua kama kidonge cha minyoo, kile kile cha siku zote, kinaweza kupunguza uvimbe wa saratani. Kwa panya kilionyesha dalili nzuri. Kwa watu hakuna aliyejua, na hakuna aliyetaka kugharamia kujua.

Akaota mlango umefunguka. Ndani hamkuwa na mwenyekiti wala wajumbe. Mlikuwa na viti tu, vitano, vimekaa.

"Kiti kinakuruhusu," kikasema cha katikati, chenye mto.

Kabla hajafungua mdomo, kidonge kikashuka kutoka mfukoni mwa koti lake, kimefunga tai, kikavipa viti shikamoo. Kikaeleza kwamba kimefanya kazi ya minyoo miaka arobaini bila likizo, na sasa kinaomba kubadilishiwa kazi.

Viti vikanong'onezana. Kimoja kikauliza mwenye hataza ni nani. Kidonge kikajibu kwamba hataza ilikwisha zamani, sasa ye yote anaweza kukitengeneza. Kingine kikauliza bei. Kilipoisikia, kikageukia ukutani kwa aibu.

"Tatizo ni jina lako," kinasema kiti cha katikati. "Wewe ni kidonge. Wafadhili wetu wanataka donge nono."

"Donge lipo," anasema Sikudhani. "Analo mgonjwa."

Hapo hapo chumba si chumba tena, ni wodi. Viti vimejipanga kando ya kitanda cha Bi Kalunde, mgonjwa wake, ambaye dawa zote za bei kali zimeshindwa kumponya. Bi Kalunde hashangai. Anasema amewahi kutembelewa na wageni wabaya zaidi. Anauliza wamemletea nini. Viti vinajibu kwamba vimeleta muhtasari wa kikao kilichopita.

"Mwanangu," anamwambia Sikudhani, "waambie na mimi nina kikao. Changu hakiahirishwi."

Kisha kiti cha katikati kinakiri, kwa sauti ya chini, kwamba wadudu wamekibungua mguu wa nyuma na maumivu hayasemeki. Kidonge kinafungua tai. Hakiulizi posho. Kinajitosa kwenye tundu la mguu.

"Dakta, wanakuita."

Alikuwa Mzee Lugendo, karani wa kamati. Sikudhani akaingia, alama ya benchi ingali shavuni. Wajumbe walikuwepo, kila mtu na kiti chake, isipokuwa mwenyekiti, aliyekuwa amesimama akikitikisa cha kwake. Alikuwa akieleza kwamba kimelia miezi mingi na leo kimenyamaza. Mzee Lugendo akainama na kitambaa. Chini ya mguu wa nyuma palikuwa na wadudu weupe saba, chali, na unga kidogo.

Mwenyekiti aliwatazama, kisha akamgeukia Sikudhani.

"Hebu rudia, Dakta. Umesema hicho kidonge kinatibu nini?"

Sikudhani alikuwa bado hajasema neno.