Sukari ya Afande Drani

Kifuniko cha birika kilianza kutetemeka kabla ya adhana, na Hasifa akakishika kwa ncha ya leso kisije kikawaamsha wajukuu. "Polepole," akakiambia, kama anavyowaambia watoto. Akajaza chai kwenye chupa, akatia tangawizi, lakini sukari hakutia. Sukari ilikuwa ndani ya kikapu, kilo mbili, bado imefungwa vilevile alivyoipokea.

Njia ya kutoka Koboko kwenda Arua ni ndefu kwa mwenye mawazo. Jumanne jioni, kwenye njia hiyohiyo, pikipiki ya mjukuu wake Siraji iligongana na gari la polisi. Mguu ulivunjika, kichwa kikashonwa, na tangu hapo dawa za maumivu zilimlaza usingizi. Polisi walisema alikuwa amelewa. Siraji, aliyemlea mwenyewe tangu siku arobaini, asiyekosa sala ya Ijumaa! Lakini hospitali ya Arua ilipomkabidhi Hasifa shati la Siraji, alilinusa, na lilinuka waragi. Tangu hapo hakumwamini mtu, hata huyo aliyelala kitandani.

Sukari ilitoka kwa Afande Drani. Jana alikuja wodini, akavua kofia, akamsogezea kiti, akamwita Haboba, kama Wanubi wanavyomwita bibi yao, ingawa yeye si Mnubi. Hasifa ni mtu wa kuona wema, na wema huo aliuona. Ila kwao kuna desturi: mtu akimletea mgonjwa wenu sukari, mkaila, siku akiomba neno hamumnyimi. Ndiyo maana hakuifungua. Alitaka kwanza kujua ni neno gani.

Aliyemtia shaka zaidi alikuwa Sista Viktoria, nesi mwembamba asiyecheka. Mama wa kitanda cha jirani alikuwa amemnong'oneza Hasifa kwamba Siraji alipoletwa, sista huyo alimtoa damu chupa tatu. Chupa tatu! Na jana Hasifa alimwona kwa macho yake akiteta na afande mlangoni.

Alipofika wodini alimkuta anamwosha Siraji uso. Sista alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, kisha akakigusisha kwanza kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, kama mtu anayepima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Hasifa alikiona kitendo hicho, akakiweka moyoni. Hata hivyo akauliza.

"Sista, damu ya mtoto yangu ulipeleka wapi?"

"Iko maabara, Mama, ndani ya friji. Tulitoa ya kumtibu, kujua kama ataongezewa damu. Haikutoka kwenda mahali pengine."

"Na afande jana? Mlikuwa mnasema nini?"

Viktoria akaukunja ule mdomo usiocheka. "Anataka chupa moja. Nilimwambia, hiyo damu ni ya mgonjwa. Alete karatasi ya korti, ama mwenyewe akubali akiamka. Amekasirika na mimi."

"Lakini shati inanuka."

"Mimi ndiye nilimpokea. Nilimfungua mdomo nikatazama meno. Mdomo ulikuwa na harufu ya damu tu. Waragi ilikuwa kwa shati, tena mgongoni."

Hasifa akaweka kikapu chini. "Siku hizi watu wanakunywa na mgongo?"

Mama wa kitanda cha jirani akacheka mpaka akakohoa. Sista hakucheka, lakini aliinama akatengeneza shuka ambayo haikuwa na kasoro.

Saa nne Afande Drani akaingia, kofia mkononi, karatasi kwapani.

"Haboba! Umelalaje? Na bondia wetu?"

"Analala. Afande umeamkaje?"

"Nimeamka na mawazo juu yako. Nataka hii kesi iishe, mzee asisumbuke na njia." Akatandaza karatasi juu ya kimeza cha dawa, akafungua kikopo cha wino. "Ni kitu kidogo. Weka kidole hapa, ya kusema tulikuja kumwona mgonjwa."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Kiingereza Hasifa hakukijua, lakini alisoma ngumbaru miaka miwili, na tarakimu zilikuwa rafiki zake. Akavaa miwani. Akapitisha kidole kavu juu ya mistari, taratibu, mstari kwa mstari, mpaka afande akaanza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Afande, leo ni tarehe ngapi?"

"Kumi na sita, Haboba."

"Hapa imeandikwa kumi na nne. Jumanne. Jumanne mimi nilikuwa Koboko, napepeta mtama."

"Aa, hiyo ni makosa ya mwandishi."

"Sista, nisomee, mwanangu."

Viktoria akajifuta mikono, akasoma kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti: bibi wa mgonjwa amekubali, siku ya ajali, damu yake ikabidhiwe polisi ipimwe pombe.

Hasifa hakugomba. Alitoa ile sukari kikapuni, akapasua mfuko mbele yao wote, akamimina chai, akatia vijiko vinne, akakoroga.

"Kunywa, afande."

Drani akanywa. Angefanya nini? Wodi nzima ilikuwa inamtazama. Alipomaliza, Hasifa akafunga mfuko na kumrudishia.

"Sukari yako umekunywa mwenyewe. Yetu haikupita kooni. Kidole mimi hapana weka. Kama damu inataka kupimwa, ipimwe, siogopi. Lakini ije na karatasi ya korti, ifunguliwe mbele ya watu, na nusu ibaki hapa. Na yule dereva wa gari yenu naye atolewe damu."

"Haboba, unafundishwa na huyu sista."

"Nimefundishwa na tarehe."

Afande akavaa kofia. Mlangoni akageuka, akamtazama Viktoria muda mrefu kuliko inavyopasa, akaondoka bila kuaga.

Siraji akafungua jicho moja. Haikujulikana alikuwa macho tangu lini. Hasifa akakaa kitandani, akaushika mkono wake ulioganda damu kwenye kucha.

"Haboba," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "sikunywa. Walinimwagia nikiwa chini. Niliwasikia wakicheka."

"Najua, baba." Alisema hivyo, na aibu ikamchoma, kwa kuwa alikuwa amejua leo tu.

Siraji akatazama mlango, kisha akamtazama yeye.

"Kesho uje tena. Uje mapema, Haboba. Wao na karatasi yao wasifike kabla yako."