Chupa au Kisu

"Mguu wangu huu," alisema Kipaza, akalipiga paja lake kofi, "haujawahi kukanyaga kliniki ya nywele, na hautakanyaga mpaka nizikwe. Nywele hizi ni chupa na subira, basi!"

Aliyasema hayo Jumamosi, mezani kwa dada yake, mdomo umejaa. Jumatatu saa tatu asubuhi mguu huohuo ulikuwa unapanda ngazi za kliniki ya nywele, na kwa kupanda kwake ulikuwa mwenyeji kabisa: uliiruka ngazi ya saba, iliyomeguka ukingo, bila mwenye mguu kuangalia chini.

Nyuma yake shemeji yake alijikwaa. "Umejuaje kwamba hii imevunjika?"

"Mimi msoma mita, shemeji. Miguu yangu ina macho."

Kweli kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na jina la Kipaza alipewa na mtaa kwa sababu ya mdomo wake. Kwa miaka mingi mdomo huo ulikula kwa kumtania mume wa dada yake, fundi seremala mpole mwenye upara wa kung'aa. Alimbatiza Uwanja wa Ndege. Akija kula, husimama mlangoni na kuuliza kama amepewa ruhusa ya kutua. Watoto wanaanguka chini kwa kicheko, dada anamrushia kitambaa cha meza, na fundi mwenyewe anacheka kidogo, anamvutia kiti.

Halafu siku moja Kipaza aliinama kusoma mita, akajiona kwenye kioo chake. Paji la uso lilikuwa limeanza safari ya kwenda utosini. Aliganda pale uani kwa watu, daftari mkononi. Aliwaza utani wote alioutoa, akauona ukirudi mmoja mmoja kudai zamu yake. Akajijua kwamba yeye hana kifua cha kucheka kidogo na kuvuta kiti.

Basi akazua kozi ya kazini ya wiki mbili, akaenda kupandikizwa. Nywele zilichomolewa kisogoni moja moja, zikachomekwa mbele. Uso ulivimba hadi macho yakawa mistari, akalala ameketi kama abiria. Wiki ya tatu nywele mpya zilidondoka zote, akakata tamaa, ingawa daktari alikuwa amemwonya mapema kwamba ndivyo zinavyofanya. Mwezi wa nne zikaanza kurudi. Tena daktari alimpa dawa ya kupaka kila siku, ili nywele zake za asili zilizobaki zisiende zilikokwenda zile nyingine. Kwa hiyo chupa aliyowatambia nyumbani ilikuwa chupa ya kweli. Alichoruka katika kuwasimulia ni kisu tu, yaani kule kupandikizwa.

Tatizo, shemeji alimwamini. Alinunua chupa ileile, akapaka asubuhi na jioni, miezi minane, bila kukosa hata siku ya homa. Na kwa kuwa anapaka kisha anaingia karakana, vumbi la mbao lilimnata, akawa anarudi nyumbani kichwa kimevaa unga wa msumeno, binti yake mdogo anampangusa. Unga uliota. Nywele, hata moja.

Dada ndiye aliyechukua miadi. "Wewe ulimpa chupa," alimwambia Kipaza, "wewe utampeleka. Na huko ufunge mdomo, umsikilize daktari."

Kukataa kungeleta maswali. Kipaza akajipa moyo: miezi kumi na minne imepita, nani atamkumbuka?

Daktari alimkumbuka. Alikuwa mama mmoja mwenye miwani minene, na alipoingia alisimama kidogo akilitazama paji la Kipaza, kama fundi cherehani aliyekutana na shati lake mtaani. Kipaza alikaza macho kwenye feni. Daktari akawasalimu wote wawili kama wageni. Kazi yake ina kiapo. Alikaa, akapitisha kimashine chenye lenzi juu ya kichwa cha fundi, na kwenye skrini ngozi ikatokea kubwa, laini, tupu.

"Pamekuwa hivi muda gani?"

"Miaka kumi na miwili."

"Dawa ya kupaka, na vidonge pia, vinasaidia pale ambapo nywele zimenyong'onyea lakini bado zipo. Hapa juu hakuna cha kuamsha, mzee wangu. Hata ukipaka miaka mitano." Akashusha lenzi kisogoni. "Ila huku umejaliwa. Tunaweza kuhamisha. Sikuahidi kichwa cha kijana wa miaka ishirini. Nyuma nako kuna mpaka wake."

Fundi alifikiri. "Kama kutoa mbao mgongoni mwa kabati, ukaziba mlango wa mbele."

"Hasa. Na mgongoni haziongezeki. Baada ya hapo dawa ya kupaka inaendelea, kulinda za kando. Ukiacha, zile za kupandwa zinaweza kubaki peke yake kama kisiwa."

"Lakini huyu shemeji yangu ameotesha kwa chupa tu."

"Mimi nazungumzia kichwa chako," alisema daktari, akaweka fomu ya ridhaa mezani. "Soma taratibu. Narudi."

Wakabaki wawili. Fundi aliigeuza ile fomu, akaigeuza tena, akaiweka sawa na ukingo wa meza kwa kidole, kama anapima pembe.

"Niambie wewe, shemeji. Chupa au kisu? Daktari namheshimu, lakini wewe nimekuona kwa macho yangu."

"Kwani wewe unakitakia nini hicho kichwa? Umeshaoa, umeshazaa—"

"Nimechoka kuwa uwanja wa ndege."

Alisema bila hasira, kama mtu anayesema kalamu imeisha wino. Kipaza aliacha kuitazama feni, akamgeukia.

"Mbona ulikuwa unacheka?"

"Watoto walikuwa wanatazama. Ningefanyaje?" Fundi akatabasamu. "Nakujua, wewe muongo wa mambo madogo. Kubwa kama hili huwezi kunidanganya. Ukisema chupa, naichana hii karatasi, narudi kwenye makabati yangu."

Ukweli ulipanda mpaka kooni. Kipaza aliuhisi kabisa, na nyuma yake akaona meza ya Jumamosi, watoto chini kwa kicheko, jina lake jipya likichaguliwa. Akameza.

"Chupa," alisema. "Ongeza mwaka mmoja. Mimi mwenyewe ni hiyohiyo tu, wallahi, hapa nimefika leo kwa sababu yako."

Fundi aliishika fomu kwa mikono miwili, tayari kuichana.

Mlango ukafunguliwa kwa kiuno. Aliingia mama wa usafi, ndoo mkono huu, kofia ya bluu mkono huu, imefuliwa na kukunjwa. Mbele ilikuwa na alama ya tone la maji na namba ya msoma mita.

"Nilisema ni wewe, nimekuona kwenye ngazi!" alisema kwa furaha. "Kofia yako hii, baba. Uliiacha chini ya kile kitanda tangu mwaka jana, nikasema huyu atarudi tu. Na zimeota vizuri, mashallah! Siku ile ya ganzi ulivyolia, umening'ang'ania mkono kama mtoto, mimi nilidhani hutamaliza."

Kofia ilibaki hewani, kwani aliyetakiwa kuipokea alikuwa amerudi kuitazama feni. Hatimaye fundi aliipokea yeye. Aliisoma ile namba, pole pole, tarakimu kwa tarakimu, kisha akamvalisha Kipaza, akamshushia hadi kwenye nyusi.

Akailaza fomu mezani, akainyoosha kwa kiganja, akatia sahihi.

"Mama," alimwambia yule wa usafi, "siku yangu ikifika wewe endelea na kazi zako. Mkono wa kung'ang'ania ninao." Akamgeukia Kipaza. "Au na siku hiyo una kozi?"