Barafu Iliyomkataa Reino

Dukani walivumisha kwamba barafu ya ziwa imelegea penye mdomo wa mto, na maneno hayo hayakunitoka kichwani. Asubuhi nilisimama ufukweni nikimtazama mwanangu Reino akienda kuvua, akiigonga barafu kwa mtaimbo kupima unene wake, kama tufanyavyo huku. Alipofika penye mdomo wa mto, mara akasimama.

“Sijui kwa nini, ila miguu yangu inakataa.”

Binamu yake Arvo, aliyefuatana naye, akacheka. “We bwana, ni miguu au mkeo aliyekukataza? Jana gari zima lilipita hapa!”

Reino akaona haya, akapiga hatua. Barafu ikammeza. Tulipata kofia tu.

Wanangu mliobaki:

Msipite penye mdomo wa mto.
Msifuate alama za gari la jana.
Msimcheke anayesita.
Miguu ikikataa, msiiulize sababu.