Ukoo wa Seremala

Mbambu alikuwa na furaha ya kumchekesha peke yake njiani. Gaspard, kijana wa Kasenyi anayeuza samaki, alikuwa amepeleka ujumbe wa kumposa, na mtaa mzima wa Ngezi ulishaanza kulamba vidole ukingoja karamu. Kilichobaki ni neno moja tu la Baba mukubwa Paluku, aliyemlea tangu baba yake afariki.

Mzee alipoambiwa jina kamili la kijana, aliweka kikombe chini.

"Gaspard Seremala? Na weye uko Mbambu Seremala. Mutoto, ule iko kaka yako! Bandugu habaoane."

"Baba mukubwa, yeye iko Mualur, siye tuko Banande, kabila mbalimbali."

"Jina iko damu. Nimemaliza."

Jina lenyewe lilikuwa na miaka kumi na moja tu nyumbani mwao. Mwaka wa 1972, serikali ilipoagiza watu waache majina ya ubatizo kwenye vitambulisho na kutafuta ya mababu, Paluku na mdogo wake, baba yake Mbambu, walifungua kitabu cha kodi cha marehemu baba yao, wakakuta humo "Seremala". Wakalivaa kwa fahari. Paluku, ambaye hakujaliwa mtoto, alilipenda kuliko wote.

Mbambu alilia usiku mmoja, asubuhi akaamka na kicheko. Anayetaka ukoo, aletewe ukoo! Akazunguka Ngezi nyumba kwa nyumba, akatuma salamu Kasenyi, Nyankunde, hata kwenye machimbo ya dhahabu: kila Seremala anaitwa kwa mkubwa wa ukoo, Jumapili, saa sita. Akapata watu arobaini na saba.

Walikuja wote. Alikuja mchimba dhahabu Mwislamu na kofia yake nyeupe, na Honorine, muuguzi mrefu wa Nyankunde, na mapacha wawili, na Wabira, na Walendu, kila mmoja akisalimia kwa lugha ya kwao. Baba mukubwa alichanganyikiwa kwa raha. Alichinja mbuzi wawili, akawakumbatia mmoja mmoja akisema, "Bandugu yangu! Bandugu yangu!" Mbambu akaanza kuogopa: mzee alikuwa anaupenda mtego.

Kisha viti vikapungua. Akina Seremala wanne wakapigilia benchi. Watu sita wakalikalia, likalala chini nao wakiwa wameshika sahani. Likajengwa tena, likalala tena. Katika watu arobaini na saba, hakuna aliyeonekana kujua kupiga msumari! Uwanja mzima ulicheka mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia.

Ndipo Muzee Baudouin, Seremala mwenye umri kuliko wote, akaomba nyundo. Kwa mapigo matano benchi likasimama. Akalikalia mwenyewe.

"Majina haya yote inatoka ku atelie ya mbao ya Babelgiji," alisema. "Karani alituuliza majina. Siye tukaogopa: ukimupa jina ya baba yako, kodi itakufuata mpaka ku kijiji. Tukajibu bote, 'Seremala.' Tulikuwa bantu trente, ndiyo thelathini, kila mutu na kwabo. Paluku, baba yako alipiga randa pembeni yangu. Babu ya Gaspard alikoroga gundi. Bundugu yabo iko ya gundi tu."

Vicheko vikapasuka upya, lakini Baba mukubwa hakucheka. Alitazama uwanja wake uliojaa.

"Bandugu arobaini na saba," alisema polepole. "Nimebapoteza kabla supu ipoe."

Mbambu alipiga magoti mbele yake. Alimhurumia kwa moyo wote.

"Baba mukubwa, unioze kwa Gaspard, bote ba jina yake batakuwa bakwe yako. Bakwe habapotee. Kila sikukuu batakuja kula."

Mzee alimshika mkono akamwinua. Kisha bega lake likaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka hadi machozi.

"Nimekubali! Lakini mu mahari naongeza kitu moja. Gaspard anitengenezee kiti, na mikono yake mwenyewe."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Gaspard aliinama miezi miwili kwa Muzee Baudouin, vidole vimevimba, akinuka samaki na gundi. Siku ya arusi kiti kililetwa kwa vigelegele. Kilielemea kushoto. Baba mukubwa alikikalia tangu asubuhi hadi jioni, naye akielemea kushoto, na kila aliyemletea kiti kizuri zaidi alimfukuza.

"Niache," alisema. "Hiki kilitengenezwa na Seremala."